Kwa Anayeanza Kuhesabu Kombe: Makosa Hufanyika Matopeni

Ukitaka kujua kombe (Anadara antiquata), kiumbe wa magamba mawili anayeishi matopeni, wamo wangapi kwenye matope ya Mtoni Kijichi, anza na jedwali la maji kujaa na kupwa, koleo baadaye. Nenda wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Siku hizo Dar es Salaam maji hupwa kabisa mnamo saa nne na kitu asubuhi. Ingia saa moja na nusu kabla ya hapo, uyafuate yanavyopwa. Kandambili ziache nyumbani, tope litazila.

Vuta kamba kutoka kwenye mikoko hadi maji yalipo. Kila mita 10 laza fremu ya sentimita 50 kwa 50, chimba sentimita 15 kwenda chini, chekecha. Usiisogeze fremu pale "panapoonekana wapo". Kombe hukaa kwa mafungu, kwa hiyo fremu nyingi zitatoka tupu, na tupu nayo inaandikwa. Tuseme fremu 10 zimetoa kombe 30: eneo ni mita za mraba 2.5, yaani kombe 12 kwa kila moja. Ukizitupa fremu 6 zilizokuwa tupu unapata 30. Matope ni yale yale, jibu limezidi mara mbili na nusu!

Chekeche liwe la matundu ya milimita 2. Lile la mchanga wa ujenzi linapitisha wachanga wote, grafu ya urefu inabaki na wakubwa peke yao, kisha ripoti inasema hakuna kizazi kipya.

Anayewadanganya wengi zaidi ni mfu aliyefumba. Magamba yote mawili yapo, yamejaa tope, na uzito wake unafanana na wa mzima. Mshike kwa kidole gumba na cha shahada, usukume gamba moja pembeni juu ya lenzake. Mfu huteleza na tope jeusi hutoka kwenye mshono; aliye hai hasogei. Ukibaki na shaka, mpasue: kombe huyu ana damu nyekundu kweli.

Urefu unapimwa sambamba na bawaba, pale magamba yanapoungana, mbele hadi nyuma. Mkiwa wawili na mwenzio anapima kutoka bawabani kwenda mdomoni, takwimu zenu hazichanganyiki. Mistari ya gamba usiihesabu kama miaka. Huku kwetu mvua za masika zikipunguza chumvi, au misukosuko mingine, nayo huacha alama.

Sampuli za Mto Msimbazi, unaopita katikati ya Dar es Salaam, hazipikwi. Kombe huchuja maji, na maji ya pale yanabeba uchafu wa mji.

Kabla ya kuondoka, wafuate kina mama wanaookota. Shikamoo kwanza, kisha omba kupima kombe 50 kutoka kwenye ndoo, bila kuchagua. Wakubwa wakiwa wengi ndooni na haba kwenye fremu zako, usiharakishe kusema wamekufa kwa ugonjwa; huenda wameokotwa.