Kujiamini kwa mwanafunzi na alama zake: kipi hutangulia?

Mleta mada anauliza iwapo mwanawe, akiambiwa kila siku kwamba ana uwezo, atapandisha alama zake. Nimefundisha hisabati kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu maneno matupu hayafiki mbali. Mwanafunzi huanza kujiamini pale anapoona kwamba jambo lililomshinda juzi leo amelimudu.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika makala yake ya mwaka 1977, alitaja vyanzo vinne vya imani ya mtu juu ya uwezo wake: kufaulu yeye mwenyewe, kuwaona wengine wakifaulu, kutiwa moyo, na hali ya mwili, kama vile moyo kwenda mbio mtihani unapokaribia. Chanzo cha kwanza alikipa uzito kuliko vingine, nami naliona hilo darasani. Anayeamini kwamba hesabu za sehemu zimemshinda hufunga daftari baada ya jaribio moja, ilhali mwenzake wa kiwango kile kile, lakini anayeamini kwamba njia ipo, hufuta na kuanza upya. Mara nyingi muda huo wa kuhangaika na swali ndio unaowatenganisha mwisho wa muhula.

Mwaka 1981 Bandura na Dale Schunk walichapisha utafiti kuhusu watoto waliokuwa dhaifu katika hesabu za kutoa. Waliopewa lengo la karibu, yaani kurasa 6 kila kipindi, walipiga hatua kubwa na kujiamini zaidi kuliko waliotajiwa tu kwamba wamalize kurasa zote 42 katika vipindi 7. Ndiyo maana mwanafunzi aliyekata tamaa simpi zoezi zima, bali maswali machache yanayozidi kidogo kiwango chake, nikayasahihisha papo hapo na kumwonyesha ni hatua ipi hasa aliyoipatia. Maswali mepesi mno hayafai, kwa kuwa mtoto hutambua upesi kwamba anahurumiwa.

Ieleweke pia kwamba imani hii hufuata somo: hodari wa insha anaweza kutetemeka mbele ya mlinganyo. Isitoshe, wapo wanaojiamini kupita kiasi, nao (wazazi huwasahau hawa) huacha kusoma.

Kwa hiyo, kabla mwanao hajaanza zoezi, mwombe aweke alama kwenye maswali anayodhani atayapata, kisha mkimaliza kusahihisha mlinganishe makadirio yake na majibu.