Uzamivu Ulaya: cheti atatoa nani?

Nina uzamili wa uhandisi. Profesa wa Fachhochschule moja (chuo cha elimu ya vitendo) Ujerumani amekubali kunisimamia uzamivu, lakini rafiki yangu anasema vyuo hivyo havitoi udaktari. Nani mkweli? (Msomaji, Arusha)

Huenda wote wawili. Fachhochschule zilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 kufundisha kazi kwa vitendo, na udaktari ukabaki mali ya vyuo vikuu. Mwaka 2016 jimbo la Hessen likavunja mwiko: chuo cha Fulda kikawa cha kwanza kuruhusiwa, tena kwa sayansi za jamii tu. Katika jimbo la Nordrhein-Westfalen vyuo hivi vina taasisi ya pamoja, Promotionskolleg, iliyopata ruhusa 2022. Kwa hiyo usiulize kama chuo kinaruhusiwa. Uliza kama fani yako inaruhusiwa.

Ikiwa hairuhusiwi, kuna njia ya ubia: utafiti unaufanyia kwa profesa wako, ila chuo kikuu ndicho kinachokukubali na kutoa cheti. Hapa ndipo watu wanapokwama. Neno la profesa mmoja halitoshi. Usikate tiketi kabla hujashika barua ya kitivo cha chuo kikuu.

Na hili hutalikuta kwenye matangazo: profesa wa Fachhochschule kwa kawaida ana vipindi 18 kwa wiki, takriban mara mbili ya mwenzake wa chuo kikuu. Muulize mtaonana lini. Akisema "tutaona", umeshajibiwa.

Ada ya uzamivu Ujerumani ni kiasi gani? (Kisumu)

Mara nyingi hakuna, ukiacha mchango mdogo wa kila muhula. Kinachouma ni chakula na kodi ya nyumba. Tafuta nafasi yenye mkataba wa kazi kwenye mradi, hata ukiwa wa nusu ajira.

Nafanya kazi bandarini Mombasa. Uholanzi kuna udaktari uitwao PD. Ni PhD? (Msomaji wa Likoni)

Si PhD, ingawa wanauweka kwenye ngazi hiyo hiyo. PD ni kifupi cha Professional Doctorate, udaktari wa kitaaluma. Ni mpango wa majaribio ulioanza 2023 katika hogeschool zao (vyuo vinavyofanana na Fachhochschule), wa miaka minne, kwa fani chache. Mambo ya bahari yamo. Unaanza na tatizo la kazini. Kwako, tuseme, ni makontena yanayolala yadi yakisubiri karatasi moja yenye mhuri. Unabuni njia nyingine, unaijaribu pamoja na mawakala wa forodha na madereva wa malori, kisha unatetea mbele ya jopo kilichobadilika na kilichogoma kubadilika.

Kama unataka kubaki bandarini, mimi ningekuambia nenda. Kama ndoto yako ni uhadhiri, ningesita: majaribio hayajaisha, na kamati ya ajira ya chuo inaweza kukukodolea macho ukiwaonyesha herufi mbili badala ya tatu. Waulize kwanza, na jibu walitoe kwa maandishi.