Jibu: ssh inaganda nikihama mtandao

Salama mkuu. Kama nimekuelewa, ukitoka waifai kwenda data ya simu dirisha la ssh (programu ya kuendesha kompyuta ya mbali, yaani seva, kwa maandishi) linaganda bila ujumbe wowote, na kazi iliyokuwa ikiendelea inakufa.

Kwanza, usifunge dirisha. Bonyeza Enter, kisha ~ na nukta. Ssh itakatika papo hapo na utarudi kwenye mashine yako. Mimi nilikaa miaka nikiua dirisha zima kwa kutoijua hiyo!

Kuganda kwenyewe hakuna dawa ndani ya ssh, maana muunganisho wa TCP (njia ambayo ssh husafirishia data) umefungamana na anwani ya IP, yaani namba ya kifaa chako mtandaoni, na anwani yako imebadilika. Utaambiwa uweke ServerAliveInterval, mpangilio wa ssh wa kuuliza seva kila baada ya muda kama bado ipo. Iweke, ila haiokoi kitu: ukiipa sekunde 15, ikikosa jibu mara tatu utajua umekatika, yaani baada ya sekunde 45 hivi, basi.

Cha kuokoa kazi ni tmux, programu inayoiacha kazi iendelee hata ukikatika, tena kwenye seva, si kwenye laptopu:

tmux new -A -s kazi

Ukirudi, andika hiyohiyo, utakuta kila kitu ulipokiacha.

Ukichoka kuunganisha upya kila mara, ongeza mosh, programu ya kuingia kwenye seva badala ya ssh ya kawaida, pande zote mbili (laptopu na seva). Inatumia UDP, njia ya kutuma data isiyoshikilia muunganisho kama TCP, kwa hiyo IP ikibadilika inaendelea tu. Ikigoma, angalia kwanza ngome (firewall) ya seva: inahitaji milango ya UDP 60000 hadi 61000. Nilihangaika jioni nzima na locale (mipangilio ya lugha) kumbe milango ilikuwa imefungwa. Mosh haikuruhusu kupandisha skrini kusoma ya nyuma, ndiyo maana mimi huiendesha pamoja na tmux.