Fungu la Maziwe Halingoji Machweo

Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza kama ni jambo la busara kumvisha mpenzi pete ya uchumba kwa kumshtukiza katika mji wa pwani, na kama mtu ameamua hivyo, ajipange vipi. Nimelifanya jambo hilo mwenyewe, Pangani, Jumapili ya mwisho ya Februari 2021, na jibu langu ni kwamba linafaa, ila mpangaji mkuu si mwenye pete bali ni maji. Atakayechagua siku kwa kalenda ya ukutani bila kuutazama mwezi anaweza kujikuta amekodi boti ya kumpeleka mahali ambapo saa hiyo hapapo.

Sisemi hivyo kwa mzaha. Kusini-mashariki mwa mji wa Pangani kuna Maziwe, kisiwa kilichotangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Zamani kilikuwa na mivinje, na kasa walikuwa wakipanda kutaga mayai, lakini mmomonyoko uliila miti yote, na leo limebaki fungu la mchanga mweupe linaloonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Mimi ni mtu wa Tanga mjini, nimekulia umbali wa kilomita zipatazo 50 tu kutoka hapo, na bado nilikuwa na picha kichwani ya jua linazama huku nimepiga goti mchangani. Nilipompelekea nahodha mpango wangu wa kuondoka saa tisa alasiri ili pete ivishwe saa kumi na mbili, alinyamaza, akahesabu kwa vidole, kisha akasema: "Siku hiyo ni bamvua, kaka. Saa kumi jioni maji yamejaa pomoni. Utapiga goti juu ya migongo ya samaki."

Kwa faida ya wasomaji wa bara, bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na katika pwani yetu siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Saa hizo husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50 kila siku, kwa hiyo baada ya juma moja, wakati wa maji mafu, mambo huwa yamegeuka: saa nne ndiyo maji yanajaa na saa kumi ndiyo yanapwa, tena kwa kiasi kidogo. Anayetaka fungu pana na kavu la kusimama na kusema maneno yake kwa utulivu achague bamvua na aende asubuhi. Anayetaka meza ufukweni jioni, mbele ya nyumba ya wageni, aulize kwanza maji ya siku hiyo yatafika wapi, kwa sababu nimewahi kuona viti vikifukuziwa kati ya mawimbi.

Kosa langu la pili lilikuwa hilo jua lenyewe, na naona aibu kulikiri kwa kuwa nimezaliwa pwani. Pwani ya bara inatazama mashariki. Ukiwa Pangani, Bagamoyo au Kilwa, na vilevile Malindi kwa jirani zetu, jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya mgongo wako, kwenye minazi. Machweo ya baharini yanayotutamanisha ni ya Mji Mkongwe au Nungwi, Unguja, ambako ufuko unatazama magharibi. Anayeyang'ang'ania avuke aende huko, na sisi wengine tuamke mapema. Safari yetu ikahamishiwa saa mbili asubuhi.

Ilibaki siri, na hapa niseme kwamba kumshtukiza mtu mmoja katika mji mdogo kunahitaji watu wengi wa kunyamaza. Nahodha alijua, mpishi wa nyumba ya wageni alijua, na dada yangu, aliyejifanya ndiye mwenye matembezi, alijua kuliko wote. Muuza maandazi wa karibu na kivuko, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia kitu, alinipa hongera Jumamosi jioni mbele ya mwenzangu, nami nikasema amenifananisha na mtu mwingine.

Jambo ambalo sikulipanga kabisa ni yeye. Mwenzangu ni mtu wa Lushoto, hakuwahi kupanda boti, na mimi nilikuwa nimehangaika na mwezi, maji na pembe za picha bila kujiuliza kama atafurahia njia ya kufika. Pale mlangoni mwa mto, mkondo unapokutana na mawimbi ya bahari, boti iliinuka na kupiga chini mara tatu au nne. Alishika ukingo kwa mikono miwili, akafumba macho, na hakuyafumbua mpaka tulipogusa mchanga. Tuliposhuka, alikataa kuvua jaketi okozi, na ndiyo maana katika kila picha ya siku ile anaonekana na rangi ya chungwa hadi kidevuni. Nahodha alikuwa amenishauri nifunge pete kwa uzi kwenye kifungo cha shati, kwa maelezo kwamba mchanga wa Maziwe haurudishi kitu. Nilipopiga goti, fundo likakataa kufunguka, nikainama kulikata kwa meno, na maneno yote niliyoyakariri kwa majuma matatu yakapotea, kwa sababu aliniuliza: "Mbona unakula kifungo?" Nikamwonyesha pete ikining'inia kidevuni. Alilia, akasema ndiyo, halafu akauliza kama tungerudi kwa boti ileile.

Kuhusu wazee nitasema machache, ingawa nadhani wengi watawaandikia hilo. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimemdokezea kaka yake mkubwa, nikadhani nimemaliza. Mjomba wangu alipopeleka barua ya posa majuma mawili baada ya Maziwe, baba yake mdogo aliiweka bahasha mezani bila kuifungua, akauliza tulikuwa tunaomba nini kwa binti aliyekwisha kuvishwa pete, na sisi wenyewe tulipomvisha tulimwuliza nani. Tulitozwa faini, mjomba akailipa, barua ikafunguliwa. Sikuona kwamba tulionewa. Goti na pete ni mambo tuliyoyapokea juzi kutoka kwenye filamu na simu, wakati barua na mshenga vilikuwapo kabla yetu, na isingenigharimu lolote kumwendea mzee yule mapema na kumwomba naye atunze siri. Huenda angeitunza vizuri kuliko muuza maandazi.

Na anayetaka kununua pete bila mwenyewe kujua asiibe kipimo kama mimi. Nilimwomba rafiki yake aniazimie pete mojawapo ya zake, nikaipeleka kwa sonara, kumbe ile huivaa kidole cha kati. Ya kwangu ilimpwaya, akaivaa kidole gumba njia nzima ya kurudi, ngumi ameifumba, hadi Jumatatu sonara alipoipunguza.