Kabla hujaipeleka simu ya zamani kuflashiwa

Shangazi yangu anauza vitenge Mbagala Rangi Tatu, na biashara yake yote imo kwenye simu: namba za wateja, picha za jora mpya, nani kalipa nusu na nani bado. Mwaka jana simu hiyo ikaanza kujizima. Inawaka, inafika kwenye nembo, inazima. Nikapanda nayo daladala hadi Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nikamkabidhi fundi mmoja. Hakuuliza mengi. "Hii ni ya kuflashi tu, elfu kumi na tano, pitia baada ya saa mbili." Kuflashi ni kuupakia upya mfumo wa simu kwa kutumia kompyuta.

Jioni nikamrudishia shangazi simu safi kama imetoka dukani. Akafungua majina, akashusha, akapandisha. "Baba, watu wangu wako wapi?"

Namba zaidi ya 300 zilikuwa zimehifadhiwa kwenye simu yenyewe, si kwenye laini wala kwenye akaunti ya Google. Zote zimefutika. Mtandao nao haukushika, na nilipobonyeza *#06# pale inapotakiwa kuonekana IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, palikuwa patupu. Nikarudi kwa fundi, akaziingiza tena namba za IMEI kwa kusoma stika iliyo chini ya betri. Siku ya tatu simu ikaanza kujizima kama zamani.

Hapo ndipo nilipoitoa betri, nikaiweka juu ya meza ya kioo na kuizungusha kwa kidole. Ikazunguka kama pia. Betri nzima hulala bapa na kugoma. Iliyovimba tumbo huzunguka. Tukanunua betri nyingine na ugonjwa ukaisha. Kuflashi hakukuhitajika hata kidogo, na namba za watu zilishapotea. Iliniuma sana, kwa sababu mimi ndiye niliyeipeleka.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza: hakikisha ugonjwa ni wa mfumo kweli. Kama simu inazima ukipiga picha au ukipiga simu, shuku betri. Kama ni nzito tu, angalia nafasi iliyobaki; simu ya GB 16 iliyojaa video za WhatsApp itakuwa nzito hata ukiiflashi kila mwezi. Jaribu pia waya na chaja nyingine. Ikigoma kuvuka nembo hata ikiwa na betri nzuri, ingia kwenye menyu ya uokoaji (kwa Samsung zenye kitufe cha katikati, shika kuongeza sauti, kitufe hicho na cha kuwashia kwa pamoja) ufute kumbukumbu ya muda, yaani keshi. Hilo haligusi picha wala namba. Nimeona simu mbili zikipona hapo hapo.

Ukiona kweli haina njia nyingine, kazi kubwa ni ya kabla. Kama simu bado inawaka, hamishia majina yote kwenye akaunti ya Google, kisha uyahakiki kwa kuifungua akaunti hiyo kwenye simu nyingine. Usiamini alama ya "imekamilika" peke yake. Nakili folda ya WhatsApp iweke kwenye kompyuta. Andika IMEI kwenye karatasi. Watu wa Dar mnakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia: IMEI ndiyo inayoitambulisha simu kwenye mtandao, na kwenye simu nyingi zenye chipu ya MediaTek fundi akichagua kufuta kila kitu badala ya kupakia mfumo tu, IMEI inaondoka nayo. Mwambie kabla hajaanza.

Halafu kuna jambo la akaunti. Dada zetu na mama zetu wengi walifunguliwa akaunti ya Google na kijana wa dukani siku waliyonunua simu. Nywila hawaijui, pengine hata barua pepe yenyewe hawaijui. Tangu Android 5.1, simu iliyofutwa kwa nguvu huuliza akaunti iliyokuwemo mwanzo, na usipoijua inabaki jiwe. Ingia kwenye mipangilio leo, simu ikiwa nzima, uone ni akaunti ya nani. Ikiwa huitambui, itoe uweke yako.

Mwezi wa nne nikaamua kuiflashi mwenyewe Samsung J5 yangu ya 2016. Mpwa wangu aliiwekea programu ya kuongeza kasi aliyotumiwa kwa kiungo, na tangu hapo matangazo yalijifungua yenyewe hata baada ya kurejesha mipangilio ya kiwandani. Chini ya betri stika inasema SM-J510F. Hiyo herufi ya mwisho usiipuuze: faili la J510H si lako hata kama simu zinafanana kama mapacha. Chukua faili jipya kabisa la modeli yako, kwani mengi ya zamani simu huyakataa. Lina zaidi ya GB 1, kwa hiyo nunua bando la usiku au nenda kwenye Wi-Fi ya mtu.

Kompyuta ya mezani niliiacha, nikatumia laptopu yenye chaji. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii unaweza kuiua simu kabisa, na huku kwetu sihitaji kueleza zaidi. Nikatoa laini na kadi ya kumbukumbu, nikahakikisha betri imevuka asilimia 50, nikachukua waya unaopitisha data, maana nyaya nyingi za mtaani zinapitisha chaji tu. Draiva za Samsung kwanza, ili kompyuta iitambue simu, kisha Odin, programu ya kuflashia Samsung. Simu ikiwa imezimwa, shika kupunguza sauti, kitufe cha katikati na cha kuwashia, halafu kubali kwa kuongeza sauti. Kiboksi cha Odin kikageuka buluu. Maana yake wameonana. Faili ni manne, kila moja na nafasi yake. Lile la CSC hufuta kila kitu. HOME_CSC huacha data. Mimi nilitaka kufuta, nikaweka CSC. Kwa dakika kadhaa sikugusa hata meza. Kikatokea kijani: PASS.

Kuwaka mara ya kwanza kulichukua muda mrefu, usiogope wala usiichomoe betri. Akaunti ya Google ikagoma kuingia, na nilikaribia kuanza upya, kumbe tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka. Rekebisha saa na tarehe kwanza kabla ya lolote. Kisha iache kwenye Wi-Fi ijisasishe. Itapata joto, ni kawaida.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo: Android 7, mfumo uliomo kwenye J5 hii, haipati tena marekebisho ya usalama. Programu ya benki sikuiweka humo. M-Pesa natumia *150*00#, inatosha.

J5 hiyo sasa iko kwa shangazi, ya kupigia picha za vitenge. Siku ya kumpelekea tulikaa barazani kwake, daftari la madeni mapajani, tukiingiza namba upya moja moja kadiri wateja walivyopita kumsalimu. Nywila akaniambia niiandike kwenye jalada la ndani la daftari, kwa herufi kubwa, kisha akalifungia kabatini.