Neno "sound" la Kiingereza: ni moja au ni manne?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Natafsiri mwongozo wa mabaharia kutoka Kiingereza na neno "sound" limenitoa jasho. Ukurasa mmoja unasema "sound the horn", mwingine "make sure the vessel is sound", kisha nakutana na "take soundings" na "sounding pipe". Kamusi inanipa sauti, uzima, mlango wa bahari na kupima kina. Maana hizi zinahusianaje? Na "sounding pipe", ni bomba la sauti?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, si bomba la sauti, na nimefurahi umeuliza kabla kitabu hakijachapwa. Unachokiona kuwa neno moja ni maneno manne yenye asili mbalimbali, yaliyokuja kufanana sura baadaye. Wanaisimu huyaita homonimu. Kwetu pia yapo: kaa wa baharini, kaa la moto na kaa kitako hawana undugu wowote.

"Sound" ya sauti ilitoka kwenye "sonus" ya Kilatini, ikapitia Kifaransa. Waingereza wa zamani waliitamka "soun", bila d. Hiyo d ilidandia mnamo karne ya 15, kwa sababu ulimi ukimaliza kutamka n tayari uko mahali pa kutamkia d. Kitenzi "pound", yaani kutwanga, kilipata d yake kwa njia hiyo hiyo. "Sound the horn" ni ya ukoo huu: piga honi.

Ya uzima ilikuwa "gesund" katika Kiingereza cha kale, na Wajerumani wanaitumia hivyo hivyo hadi leo kwa mtu mwenye afya. Kiini chake ni kutokuwa na kasoro. Kiswahili hakina neno moja la kuibeba kila inapokwenda, na usijilazimishe kulitafuta: chombo ni kizima, akili ni timamu, hoja ina mashiko, usingizi ni wa pono.

Ya mlango wa bahari haitakusumbua. Asili yake ni "sund", neno la kale la watu wa kaskazini ya Ulaya lenye undugu na kuogelea. Utaikuta zaidi kwenye majina ya ramani, kama Øresund kati ya Denmark na Sweden, au Puget Sound ya Marekani, ambayo George Vancouver aliipa jina la luteni wake Peter Puget mwaka 1792. Majina kama hayo yaache yalivyo.

Kazi yenyewe iko kwenye ile ya nne, iliyotoka kwenye kitenzi cha Kifaransa "sonder", kupima kina. Zamani baharia alitia bildi, yaani alishusha kipande kizito cha madini ya risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye alama za pima. Chini ya bildi palikuwa na tundu lililojazwa shahamu. Bildi ikigusa chini, mchanga au tope au vipande vya kombe vilinata kwenye shahamu, na baharia akajua kina pamoja na aina ya sakafu anayotaka kutilia nanga. Kwenye mto Mississippi mpimaji aliyepata pima 2, karibu mita 3.7, alipaza sauti "mark twain", na Samuel Clemens, aliyekuwa rubani wa meli za mto huo, akaifanya kuwa jina lake la uandishi. Waingereza husema pia "sound someone out", nasi tunasema kumpima mtu. Naipenda sana sadfa hiyo.

Mtego mkubwa kuliko yote ni "echo sounder". Kifaa hicho hutuma mawimbi ya sauti, yakagonga sakafu ya bahari na kurudi. Katika maji ya bahari sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, hivyo mwangwi ukirudi baada ya sekunde 1, ambayo ni ya kwenda na kurudi, kina ni kama mita 750. Kwa kuwa sauti imo kweli kwenye kazi yake, watafsiri huandika "kitoa sauti". Lakini "sounder" hapo ni mpimaji wa kina, sawa na yule wa bildi. Andika kipimakina cha mwangwi.

"Sounding pipe" ni bomba la kupimia kina cha maji au mafuta ndani ya tangi la meli. Mtu hushusha humo utepe wenye uzito mwishoni hadi uguse chini, kisha husoma mahali ulipolowa. Kwa hiyo "take soundings" itazame inakokaa: ikiwa kwenye sura ya kuongoza meli, ni kupima kina cha bahari, ikiwa kwenye sura ya matangi, ni kupima kina cha kilichomo tangini. Andika "pima kina" kisha utaje ni kina cha nini, hata pale Kiingereza kinapokaa kimya.