Kwa Mwalimu Mpya wa Darasa la Awali: Usimtoroshe Mzazi

Wiki iliyopita nilimwona mwalimu msaidizi akimkonyeza baba wa mtoto mgeni aondoke upesi, wakati mtoto amegeukia vibao vya kujengea. Nilinyamaza kwa heshima ya yule baba, lakini mkonyezo ule naufahamu vyema, kwani niliwahi kuutumia kwa fahari. Nawaandikia haya ninyi mnaoanza, ambao tayari mnajua kwa nini dakika kumi kabla ya usingizi wa mchana huwa ndefu kuliko siku nzima.

1. Tangazeni mabadiliko kwa matukio, si kwa saa. Kwa mtoto wa miaka mitatu, "baada ya dakika tano" ni maneno matupu, ilhali "tukishanawa mikono tutasikiliza hadithi" ni jambo analoweza kulisubiri. Ratiba ya picha ikibadilika, mbadilishe picha watoto wakiona, si jioni wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani.

2. Msibadilishe mambo mawili kwa mpigo. Anayehamia chumba kipya na abaki na godoro lake, na wimbo uleule wa kukusanya vinyago. Na kile kitambaa kichakavu anachokiburuta kila mahali mwachieni, hata kama kinanuka. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, alikwisha kueleza mwaka 1953 kwamba vitu vya namna hiyo humsaidia mtoto kuvumilia kuwa mbali na mama, nami bado nawakuta walimu wakivifungia kabatini kwa jina la usafi.

3. Msimtoroshe mzazi. Hapa nina deni la kuungama. Mtoto alikuwa na miaka miwili na nusu, na mama yake alikuwa anarejea kazini. Siku ya kwanza mama alikaa naye darasani; siku ya pili nilimnong'oneza kwamba mtoto akizama katika mchezo atoke taratibu, wala asimuage, kwa kuwa akimuaga atalia. Mtoto akazama kwenye beseni la maji, akimimina kutoka kikombe hiki hadi kile, na mama akatoka. Kwa muda mfupi nilijiona bingwa, hata nikaandika daftarini kwamba amezoea vizuri. Kisha aligeuka ili amwonyeshe mama kikombe kilichojaa. Hakulia papo hapo. Alitazama nyuma ya pazia, akainama chini ya meza, akanirudia na kikombe kile mkononi, akakimwaga miguuni pangu, ndipo akalia.

Kilio kilikwisha siku hiyohiyo, ila kilichofuata kilidumu wiki tatu. Hakuligusa tena beseni. Alisimama ameegemea ukuta, uso ukiwa mlangoni, na kila kinyago nilichompa alikipokea bila kukitazama, kama mlinzi aliyepewa mzigo wa mtu mwingine. Mama yake alinieleza kwamba hata nyumbani mtoto hamwachi mama aende chooni peke yake. Nilikuwa nimemfundisha, tena kwa siku moja tu, kwamba ukicheza mama hupotea. Ilitubidi tuanze upya: mama akawa anaaga kila asubuhi kwa namna ileile, busu moja kiganjani na sentensi moja, kisha anatoka bila kurudi kuchungulia dirishani. Mtoto alilia asubuhi nyingi, lakini alilia akijua mama amekwenda wapi na atarudi lini, na polepole akaanza kuupa mlango kisogo.

4. Aliyekwisha kuacha kujikojolea akianza tena baada ya kuhama nyumba au kupata mdogo wake, mbadilishieni nguo bila hotuba.

5. Baada ya likizo ndefu, msidhani watoto wanakumbuka taratibu. Nanyi pia hamzikumbuki. Nimewaona mkitafuta kengele iliyo mezani.

Jana yule mwalimu msaidizi aliniuliza afanye nini iwapo mtoto atalia mbele ya baba. Nilimwambia achuchumae karibu naye, akiri kwamba ni kweli baba anaondoka, na amwambie atarudi baada ya usingizi wa mchana. Kisha nikamtuma amkimbilie baba langoni ahakikishe kwamba kweli atafika wakati huo, kwa maana baba mwenyewe alikuwa amepanga kuja jioni.